Maji ya sufuria si yote ya kumwaga

Mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa nne alikosa masomo siku tatu, na yeye si mtoto wa kukosa. Siku ya tatu, nyuma ya kengele ya mwisho, tulipanda njia za Kadutu kumtafuta. Tulimkuta mlangoni amebeba mdogo wake mgongoni, mtoto wa mwaka mmoja na miezi sita. Mama alikuwa ametoka kutafuta feza ya dawa. Mtoto alikuwa anahara tangu Jumapili.

Kuhara peke yake hakukutushtua. Ni nyumba gani hapa Bukavu isiyojua kuhara, hasa mvua inapoanza na bomba linakauka? Kilichotushtua ni shingo. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaanguka huku na huku kama cha mtoto wa wiki mbili, mikono haikamati kitu, na tumbo limejaa kama ngoma. Mama aliporudi alituambia kwamba alifanya yote aliyofundishwa: alichanganya maji safi, sukari na chumvi, akamnywesha kwa kijiko usiku na mchana. Chakula alikizuia. Jirani alimwambia tumbo lipumzike kwanza. Siku tatu mtoto hakuonja kitu kingine ila yale maji.

Tulienda naye kwenye kituo cha afya. Muuguzi alimgusa tumbo, akaweka sikio, kisha akauliza jambo ambalo hatukulingojea: "Siku hizi tatu amekula nini chenye kutoka shambani?" Hakuna. Walimtuma hospitali siku ileile. Huko walimwekea seromu, polepole sana, wakimpima kila mara. Siku ya pili jioni mtoto aliinua kichwa mwenyewe na kunyoosha mkono kwenye ndizi ya mtoto wa kitanda cha jirani. Mama alilia. Na sisi machozi yalitutoka.

Munganga alimtajia mama jina la kitu kilichokosekana: potasiamu. Mama alifikiri ni dawa ya kununua, akauliza bei. Sisi tulisikia haya. Jina hilo tulilisoma kwenye ISP, tunaliandika ubaoni kila mwaka, watoto wanalinakili katika daftari, lakini hatukuwa tumewahi kumwambia hata mama mmoja wa wanafunzi wetu kwamba kitu hicho kiko ndani ya sufuria yake. Basi tunaliandika leo.

Habari ya majivu

Potasiamu ni madini, ndugu ya sodiamu iliyo ndani ya chumvi. Ubaoni inaandikwa kwa herufi K, na kila mwaka kuna mtoto mwerevu anayeuliza kwa nini si P. Ni kwa sababu ya jina lake la Kilatini, kalium, na jina hilo lilitoka kwa Waarabu, waliosema al-qali kwa majivu ya mimea. Jina la potasiamu nalo linatokana na majivu, yale yaliyolowekwa na kuchemshwa ndani ya chungu. Mwaka 1807 mtaalamu Mwingereza Humphry Davy aliitenga kwa umeme, na hapo watu wakaiona peke yake kwa mara ya kwanza.

Wazee wetu hawakungojea umeme. Mahali pengi pa Kongo, mbele ya chumvi ya duka kufika, watu walichoma mimea ya kando ya maji au maganda ya ndizi, wakapitisha maji katika majivu, wakachemsha yale maji mpaka chumvi ibaki chini ya chungu. Chumvi ile ilikuwa na potasiamu nyingi kuliko sodiamu. Bibi zetu walioifanya walijua mambo mawili ambayo sisi tumesahau: kwamba kitu hiki kiko ndani ya mimea, na kwamba moto hauwezi kukiua, lakini maji yanakichukua. Mwenye kushika hayo mawili ameshika karibu yote tunayotaka kusema.

Kazi yake katika mwili ni hii. Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Karibu potasiamu yote ya mwili inakaa ndani ya vyumba hivyo, na sodiamu inakaa nje. Kwenye kuta za kila chumba kuna kama mlinzi asiyelala: anaingiza potasiamu, anatoa sodiamu. Tofauti ile ya ndani na nje ndiyo inayowezesha neva kupeleka habari na misuli kukaza na kulegea. Sasa, moyo ni msuli. Utumbo nao una misuli inayosukuma chakula. Potasiamu ikitoka nyingi, shingo inalegea, miguu inachoka, utumbo unaacha kusukuma na tumbo linajaa hewa. Ikizidi hapo, moyo unaanza kupiga vibaya. Ndiyo tuliyoyaona kwenye mgongo wa yule mwanafunzi wetu.

Ni kiasi gani kwa siku? Hapa wataalamu wenyewe hawapatani. Wale wa Ulaya walisema mwaka 2016 kwamba mtoto wa mwaka 1 mpaka 3 anatoshwa na miligramu 800, wa miaka 4 mpaka 6 miligramu 1100, wa miaka 7 mpaka 10 miligramu 1800. Wale wa Marekani wanaweka juu zaidi, miligramu 2000 tangu mwaka wa kwanza. Hakuna mama wa kupima miligramu jikoni, na hatuombi mtu afanye hivyo. Tunatumia hesabu ile ya Ulaya ili kuona tu kama sahani ya mtoto iko karibu au mbali.

Mtoto anayenyonya, mbele ya miezi sita, asihesabiwe kitu: maziwa ya mama yanamtosha.

Kilicho sokoni

Kitu kinachotufurahisha katika habari hii ni kwamba dawa haiko farmasi. Iko Nyawera, iko Kadutu, iko kichwani mwa mama anayeshuka kutoka Kabare, na katika mitumbwi yenye ndizi kutoka Idjwi.

Tukichukua gramu 100 za kila kitu, lengalenga iliyoiva ina karibu miligramu 600. Soya iliyopikwa ina karibu 500. Avoka karibu 480. Makemba zaidi ya 400. Maharagi yaliyoiva karibu 400. Ndizi mbivu karibu 360, na marakuja hivyohivyo. Karanga ni karibu 700, ingawa hakuna mtoto wa kula gramu 100 za karanga, na kwa mdogo lazima zisagwe, zisije zikamkaba koo. Maziwa ya ng'ombe ni karibu 150, chungwa karibu 180.

Sasa tuangalie upande mwingine. Wali mweupe ulioiva: 35 tu. Unga mweupe wa mahindi uliotolewa ganda na kiini una karibu nusu ya ule uliosagwa mzima. Mkate mweupe nao ni karibu 100.

Tufanye hesabu ya mtoto wa miaka mitano. Bakuli la maharagi pamoja na mchuzi wake, gramu 150: miligramu 600. Vijiko vichache vya lengalenga, gramu 50: miligramu 300. Ndizi moja ndogo: karibu 290. Amekwisha kupita 1100, na hatujagusa bugali. Hakuna nyama, hakuna kitu cha kopo. Lakini mtoto yuleyule akikunywa chai ya sukari na mandazi mawili asubuhi, akala wali na mafuta mchana, na bugali wa unga mweupe na mchuzi wa kube jioni, hafiki hata nusu. Ameshiba, analala, na bado sahani zake zote tatu zilikuwa karibu tupu kwa upande huu.

Tunasema juu ya mandazi kwa sababu tunaona kila siku. Saa nne, saa ya mapumziko, tunahesabu wanafunzi wetu: mandazi, mandazi, biskuti, mandazi, na yule mmoja mwenye ndizi ambaye wenzake wanamcheka kwamba kwao ni mashambani. Tulimwomba siku moja atusaidie kueleza somo la potasiamu akiwa na ndizi yake mkononi. Tangu siku hiyo hawamcheki sana. Wamama wanaouza mbele ya shule, ambao wengi wao ni wanachama wenzetu, hatuwaambii waache mandazi, kwani wanalipia masomo ya watoto wao kwa biashara hiyo. Tunawaomba waweke na kikapu cha ndizi pembeni. Wawili wameanza.

Maji gani ya kumwaga

Hapa ndipo tunapotaka mkae kidogo, kwa sababu mama anaweza kununua vyakula vyote vile vizuri na bado akamwaga potasiamu kwenye mtaro.

Tulisema: moto hauiui, maji yanaichukua. Mama anayechemsha lengalenga katika sufuria kubwa ya maji, kisha anaikamua kwa mikono miwili mpaka ikauke na kumwaga maji yale ya kijani, amemwaga sehemu nzuri ya alichonunua. Anayemenya viazi asubuhi, akavikata vidogovidogo na kuviacha ndani ya beseni la maji mpaka jioni, hivyohivyo. Kuna ushahidi mmoja ambao hauna ubishi: wagonjwa wa figo, ambao mwili wao hauwezi kutoa potasiamu iliyozidi, wanafundishwa na waganga wao kumenya viazi, kuvikata vidogo, kuvichemsha katika maji mengi na kuyamwaga. Wanafundishwa hivyo makusudi, ili potasiamu itoke. Jikoni mwetu tunawapikia watoto wazima kama wagonjwa wa figo.

Kiazi kitamu kilichookwa na ganda lake kina karibu miligramu 475 katika gramu 100. Kilichomenywa kikachemshwa kinabaki na karibu 230. Tofauti hiyo haikuletwa na maji peke yake, maana kuoka kunakausha kiazi, lakini inaonyesha njia. Basi viazi vichemshwe na maganda, vimenywe nyuma. Mboga zioshwe mbele ya kukatwa, si nyuma, na zipikwe kwa maji kidogo, sufuria ikifunikwa, na yale maji yabaki katika mchuzi pamoja na nyanya na mafuta ya mawese. Mchuzi wa maharagi usimwagwe hata tone. Ni chakula cha kwanza kizuri kwa mtoto wa miezi saba pamoja na maharagi yaliyopondwa na kutolewa maganda. Maji ya kulowekea maharagi usiku ndiyo ya kumwaga. Yanapoteza kidogo, lakini maharagi yanaiva upesi, makala yanapungua, na tumbo la mtoto haliumi. Tunaona ni biashara yenye faida.

Kuna kitu kimoja ambacho sheria hii haikigusi kabisa, na tunaomba asiwepo mama wa kutuelewa vibaya: muhogo. Maji ya muhogo mchungu ni ya kumwaga, sikuzote, yote. Ndani yake mna sumu, na mihogo isiyolowekwa siku za kutosha imeleta ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ya watoto na wamama kwa ghafula na usiopona. Watu wa Kahemba, kule Kwango, wanaujua vizuri kuliko sisi. Sombe pia lazima itwangwe vizuri na ichemke muda mrefu bila kufunikwa. Hapo tusihesabu potasiamu, tuhesabu uzima. Potasiamu tutaitafuta katika maharagi yanayolala pembeni ya bugali.

Mtoto anapohara

Turudi kwa yule mdogo. Mama yake hakukosa kumpa maji ya sukari na chumvi. Ndiyo yaliyomleta akiwa hai mpaka siku ya tatu. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi: kila mama ashike kipimo hiki, kwa maana usiku wa manane farmasi imefungwa. Lakini sukari haina potasiamu, na chumvi yetu haina. Kila mara mtoto anapohara, potasiamu inatoka pamoja na maji. Ndiyo sababu pakiti ya SRO inayotolewa kwenye kituo cha afya ni bora kuliko maji ya nyumbani: kwa lita moja ina gramu 1.5 za chumvi ya potasiamu, pamoja na chumvi ya kawaida gramu 2.6, glukozi na sitrati. Tusome nyuma ya pakiti, imeandikwa.

Basi SRO ikipatikana, tutumie SRO. Mtoto asiyefikisha miaka miwili anywe mililita 50 mpaka 100 kila anapohara, yaani robo mpaka nusu ya kikombe. Mwenye miaka miwili na kupita, nusu kikombe mpaka kikombe kizima. Akitapika, tungoje dakika kumi, tuanze tena kwa kijiko. Mtoto wa kunyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi kuliko kawaida. Na pamoja na SRO tunaomba dawa ya zinki ambayo vituo vinatoa, siku 10 mpaka 14, hata kama kuhara kumekwisha mbele.

Na chakula kiendelee. Hili tunalirudia kwa sababu ndilo lililomwangusha yule mtoto. Tumbo la mtoto halipumziki kwa njaa, linazidi kulegea. Mwenye miezi sita na kupita apewe ndizi mbivu iliyopondwa, mchuzi wa maharagi, viazi vilivyopondwa, uji wa sosoma, kidogokidogo lakini mara nyingi, kila baada ya saa tatu au nne. Ikiwa nyumbani kuna maji ya sukari na chumvi tu, ndizi ile iliyopondwa ndiyo inayojaza pengo mpaka kupambazuke. Na kuhara kukiisha, aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili.

Tusilale nyumbani na mtoto mwenye damu katika choo, asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye macho yaliyoingia ndani, aliyelegea au asiyeamka vizuri. Na choo kikiwa kama maji ya mchele, mengi, upesi upesi, ni kipindupindu mpaka muuguzi aseme si hicho. Tunaishi kando ya ziwa, tunalijua jina hilo.

Mtoto mwenye bwaki

Mwenye bwaki ni wa kutendewa tofauti. Hapa Kivu tulikuwa na jina la ugonjwa huo mbele ya kusikia jina la kwashiorkor, na kule Lwiro, karibu na Katana, wataalamu wameutafuta na kuutibu tangu nyakati za wakoloni. Miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi, ngozi inababuka, mtoto hacheki. Wengi wanaona uvimbe na kufikiri amenenepa, au wanafikiri ni maji mengi yaliyozidi, wanamnyima kunywa.

Ndani ya mwili wa mtoto huyo yule mlinzi wa seli amechoka. Potasiamu imetoka, sodiamu imeingia. Kwa hiyo maziwa ya kwanza anayopewa hospitali, yanayoitwa F-75, yamewekwa potasiamu makusudi na sodiamu kidogo. Hata maji yake ya kuhara ni mengine: yanaitwa ReSoMal, na kwa lita moja yana potasiamu mara mbili ya ile ya SRO ya kawaida na sodiamu iliyopungua. Mama hawezi kuyachanganya nyumbani, na asijaribu. Mtoto aliyevimba miguu yote miwili aende kituoni siku hiyohiyo, akiwa anahara au hahari, na hasa asipewe chumvi nyingi njiani kwa kufikiri anasaidiwa.

Na ile pakiti ya karanga inayotolewa kwa watoto waliokonda, ambayo wengine wanaiita plumpy, ina miligramu 1100 mpaka 1400 za potasiamu katika gramu 100. Tumeiona ikiuzwa barabarani kama peremende. Anayeinunua ananunua dawa ya mtoto wa mtu.

Neno juu ya chumvi na kube

Vijiwe vya kube vimekuwa mboga. Kwenye nyumba nyingi tulizozungukia mchuzi ni maji, mafuta, kube mbili na kitunguu. Sehemu kubwa ya kube ni chumvi, na juu yake mama anaongeza chumvi nyingine. Mtoto anayezoea sodiamu nyingi na potasiamu kidogo anajenga pole pole ile presha ambayo itamkuta mtu mzima. Shirika la afya la dunia, OMS, linaomba mtu mzima apate angalau miligramu 3510 za potasiamu kwa siku na asipite miligramu 2000 za sodiamu, na kwa mtoto vipimo vyote viwili vishuke kulingana na chakula anachohitaji. Nyanya mbili, kitunguu, seleri na kitunguu saumu vinatoa harufu nzuri bila kube, ingawa tunakiri kwamba mwezini mwa Septemba, mishahara ya walimu ikichelewa, kube imeokoa jioni zetu pia.

Hata hivyo chumvi isitoke nyumbani. Iwe kidogo, na iwe ile yenye iode. Idjwi ilijulikana kwa watu wenye shingo zilizovimba kwa kukosa iode, na hakuna anayetamani kurudi huko.

Maswali ya Jumamosi

Tuliyaongea haya Jumamosi mbele ya wamama wa likelemba yetu, na maswali yalikuwa mengi kuliko viti.

Mama mmoja aliuliza kama ndizi haileti minyoo, hasa usiku. Hapana. Minyoo inatoka kwenye udongo, mikono na choo, si ndani ya ndizi. Tuoshe mikono ya mtoto na ndizi yake mbele ya kumenya. Mwingine aliuliza juu ya avoka, kama mafuta yake si mazito kwa mtoto wa miezi saba. Si mazito. Ipondwe vizuri, laini, aanze na kijiko kimoja au viwili, aone.

Mama kijana aliyejifungua hivi karibuni alitaka kujua kama anaweza kumnunulia mtoto vidonge vya potasiamu ili kumaliza habari. Tulimjibu kwa sauti kubwa ili wote wasikie: asithubutu. Katika chakula, mtoto mzima mwenye figo nzima hawezi kuzidisha, mwili unatoa kilichobaki katika mkojo. Lakini potasiamu ya kidonge au ya sindano ikizidi inasimamisha moyo. Ndiyo maana hospitali walimwekea yule mtoto polepole na kumpima. Na mtoto mwenye ugonjwa wa figo, aliyevimba uso asubuhi au asiyekojoa vizuri, hata ndizi na avoka amuulize munganga wake kwanza.

Wa mwisho alikuwa bibi mmoja kutoka Walungu, aliyekuja kumsindikiza mkaza-mwana wake. Alisikiliza habari ya majivu tangu mwanzo bila kusema kitu. Kisha akauliza: kama chumvi ya majivu ndiyo yenye potasiamu, kwa nini tusiitie katika uji wa wajukuu, yeye bado anajua kuichuja?

Tulimwambia kwamba maji ya majivu ni makali, yanaweza kuunguza mdomo na koo ya mtoto, hayana iode, na hakuna anayejua kipimo chake. Potasiamu ya mjukuu aiweke kwa njia ya ndizi yenyewe, si ya ganda lake lililochomwa.

Bibi alicheka. Akasema vema, basi majivu atayaacha kwenye sabuni, na ndizi ziko nyingi nyuma ya nyumba. Watu wa mjini ndio wanaozipeleka sokoni zote na kurudi na biskuti.